Elektroni Imetoka, Mbona Namba Imepanda?

Mwalimu, assalam aleikum.

Nasomesha twisheni ya jioni hapa Kisauni, watoto kumi na wawili wa kidato cha nne, wote wa mtaani. Moli naziweza, kemia ya ogani naiweza, hata elektrolisisi hainisumbui. Lakini tumefika kwenye unururifu, yaani viini vya atomu kubadilika vyenyewe na kutoa miale, na nimekwama, tena mbele ya watoto. Nakuandikia makosa yangu kama yalivyo ili usihangaike kukisia.

Kwanza, kaboni-14 hutoa beta, na beta ni elektroni. Mimi nikaandika kwamba namba ya atomu (idadi ya protoni) inashuka kutoka 6 hadi 5, tukapata boroni, maana kitu kimetoka. Kitabu kinasema naitrojeni. Elektroni imetoka, mbona namba imepanda?

Pili, thoriamu-232 inaishia kuwa risasi-208. Zimetoka alfa (chembe za protoni 2 na nyutroni 2) ngapi na beta ngapi? Alfa 6 nazipata. Beta naandika 8, kwa sababu 90 kutoa 82 ni 8. Jibu la kitabu ni 4.

Tatu, gramu 48 za iodini-131 zimebaki gramu 3 baada ya siku 32. Nusumaisha, yaani muda wa nusu ya viini kubadilika, ni siku ngapi? Niliandika 48, 24, 12, 6, 3, nikahesabu tano, nikagawa 32 kwa 5, nikapata siku 6.4. Kitabu kinasema 8.

Nne, skuli zao hazina chombo cha kupimia mnururisho. Kuna kijana anasema kwa jamaa mmoja wa skrapu huku kwetu kuna kipande cha chuma ukubwa wa mkebe wa maziwa, kizito ajabu, kina alama ya manjano iliyofifia yenye mabawa matatu meusi. Ataka akilete darasani tukifanyie majaribio. Nimruhusu?

La mwisho, wale wenye jamaa upande wa Kwale wanaulizia kilima cha Mrima. Wamesikia udongo wa kule una thoriamu, na wanasema kwa kuwa thoriamu hukaa mabilioni ya miaka, basi hiyo ndiyo hatari kupita zote. Ni kweli?

Mwalimu wa jioni, Kisauni

*

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Naanza na swali lako la nne, maana hilo si la kungoja hadi kipindi kijacho. Huyo kijana asikilete. Asikishike tena, asikigeuze kusoma maandishi ya chini, na jamaa wa skrapu asikipige nyundo wala kukikata kwa gesi ili aone ndani mna nini. Kitu kidogo chenye uzito usiolingana na umbo lake, na juu yake alama ya mabawa matatu, huenda ni ganda la madini ya risasi lililotengenezwa kuzuia kilichomo. Viwandani vifaa vya namna hiyo hutumika kupimia kiwango cha kimiminika ndani ya tangi, au kukagua mabomba yaliyochomelewa. Kama mna kitu ndani, ganda hilo ndilo linalowahifadhi hadi sasa. Likipasuliwa, hifadhi imekwisha.

Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, mashine ya tiba ya saratani ilichukuliwa kutoka kliniki iliyoachwa, ikauzwa kwa mwenye skrapu, na ganda likafunguliwa. Ndani mlikuwa na sizimu-137, kitu kinachong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana kama zawadi, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walikufa.

Kwa hiyo watu waondoke pale. Mita 30 ni umbali wa kuanzia. Umbali ndiyo kinga ya bure: ukitoka mita 1 hadi mita 3, mnururisho unaokufikia haushuki hadi theluthi bali hadi sehemu moja ya tisa. Waliokishika wanawe kwa maji mengi na sabuni kabla ya kugusa chakula, mdomo au sigara, na majina yao yaandikwe ili daktari ajue nani alikaribia na kwa muda gani. Kisha pigeni ripoti polisi na kwa KNRA, ambayo ndiyo mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mambo ya nyuklia. Msikizike, msikitupe baharini, msikifunike kwa ndoo mkadhani mmemaliza. Huenda ni kitupu, ndiyo. Lakini hilo atalijua mwenye kipimo, si mwenye macho.

Sasa tuingie darasani.

Kosa lako la beta linatokana na ujuzi wako mwenyewe. Miaka yote umekuwa ukisomesha elektroni za nje, zile zinazopokewa na kutolewa sodiamu ikikutana na klorini. Ukisikia "elektroni imetoka" mkono unakimbilia kule. Elektroni ya beta haikutoka kwenye maganda ya nje. Imetoka ndani ya kiini, na ndani ya kiini hamkuwa na elektroni hata moja. Imezaliwa pale pale: nyutroni moja imegeuka kuwa protoni, na katika kugeuka huko ikatupa elektroni nje.

Ubaoni fanya hivi. Chora viduara 14 vilivyobanana. Sita vijaze chaki, hizo ni protoni. Nane viache vitupu, hizo ni nyutroni. Hiyo ndiyo kaboni-14. Sasa mwite mtoto mmoja ajaze chaki kiduara kimoja kitupu, halafu achore kidoti kinachoruka nje. Wahesabu tena: vilivyojaa 7, vitupu 7, jumla bado 14. Protoni 7 ni naitrojeni. Hakuna kilichopungua kwenye jumla, na protoni imeongezeka moja. Ndipo uandike:

¹⁴₆C → ¹⁴₇N + ⁰₋₁e

Waonyeshe kwamba mstari wa chini unakubali: 6 ni sawa na 7 ukijumlisha −1. Ile −1 chini ya elektroni ndiyo inayosahaulika zaidi, na ikisahaulika mtoto hulazimisha hesabu kwa kushusha namba, kama ulivyofanya wewe.

Mtoto mwerevu atakuuliza: kama protoni sasa ni 7 na elektroni za nje bado ni 6, si hiyo ni ayoni? Ni ayoni kweli, kwa kitambo kidogo, hadi iokote elektroni moja kutoka jirani. Alfa nayo hutoka ikiwa na chaji mbili chanya. Lakini mlinganyo wa kiini unahesabu viini peke yake, kwa hiyo chaji hizo haziandikwi. Na akikuuliza kama kuchemsha, kugandisha au kuongeza kichocheo kunaharakisha mambo, jibu ni hapana. Moto wa jiko unafika kwenye elektroni za nje tu. Iodini-131 ikiwa peke yake au ikiwa ndani ya chumvi, saa yake ni ile ile.

Kanuni nyingine zote ni juu kwa juu, chini kwa chini: juu ni jumla ya protoni na nyutroni, chini ni chaji, ambayo kwa kiini ni idadi ya protoni. Alfa ikitoka, juu pungua 4, chini pungua 2. Beta ikitoka, juu usiguse, chini ongeza 1. Gamma, ambayo ni miale tu, haibadilishi namba yoyote. Hata kiini kikipigwa kwa kingine sheria haibadiliki. Uraniamu-235 ikimeza nyutroni moja ikapasuka kuwa bariamu-141 na kriptoni-92, nyutroni ngapi zimetoka? Juu una 236, toa 141, toa 92, zimebaki 3. Usitumie zaidi ya dakika kumi kwa hilo, litaeleweka lenyewe.

Thoriamu ndiyo inayohitaji subira. Anza na namba ya juu kila mara, kwa sababu beta haiigusi, kwa hiyo juu hapana wa kulaumiwa ila alfa. 232 kutoa 208 ni 24, gawa kwa 4, alfa 6. Hapo ulikuwa sawa. Sasa teremka chini ukiwa na hizo alfa 6 mkononi: kila moja imeondoa 2, jumla 12. Kutoka 90 tumeshuka hadi 78. Lakini risasi ni 82, na 78 ni platinamu. Ili kutoka 78 hadi 82 lazima tupande 4, na kinachopandisha ni beta peke yake. Beta 4.

Ile 8 yako ni tofauti ya mwanzo na mwisho, kama mtu aliyeshuka ngazi 12 kisha akapanda 4, wewe ukamhesabia 8. Wape uraniamu-238 hadi risasi-206 waifanye wenyewe. Atakayeleta alfa 8 na beta 6 ameelewa. Atakayepata idadi ya beta iliyo hasi ametoa kinyumenyume, mrudishe kwenye mstari wa chini.

Nusumaisha sasa. Uliandika 48, 24, 12, 6, 3 na hizo kweli ni namba tano. Lakini muda haukai kwenye namba, unakaa katikati yake. 48 ni pale ulipoanza, siku ya sifuri. Andika hivi:

48 → 24 → 12 → 6 → 3

Hesabu mishale. Ni minne. 32 gawa kwa 4 ni 8. Walazimishe waandike mshale kila mara, na juu ya kila mshale waweke namba 1, 2, 3, 4. Bila mishale, nusu ya darasa itarudia kosa lako hata baada ya kulielewa.

Kwenye swali hilo hilo kuna mitego mingine miwili. Swali likiuliza "kiasi kilichobadilika" jibu ni gramu 45, si 3. Na hizo 45 hazikupotea. Zimekuwa zenoni-131. Kama iodini ilikuwa ndani ya chupa iliyozibwa, mizani ya skuli itaonyesha uzito ule ule wa mwanzo. Wanafunzi wengi huichukulia nusumaisha kama mshumaa unaoisha.

Mtego wa pili ni muda usiogawanyika sawasawa. Baada ya siku 20, imebaki kiasi gani? Siku 20 ni nusumaisha 2.5. Mtoto ataona baada ya 2 zimebaki 12, baada ya 3 zimebaki 6, atakata katikati aandike 9. Jibu ni karibu 8.5, kwa sababu mwanzoni mwa kila kipindi mteremko ni mkali kuliko mwishoni. Mwenye kikokotoo apige 48 × 0.5 kwa kipeo cha 2.5. Asiye nacho asome kwenye grafu, mradi grafu yake isiwe imeungwa kwa rula nukta hadi nukta. Mchoro uwe laini, kwa mkono.

Grafu hiyo mnaweza kuipata bila kipande chochote cha skrapu. Tafuta sarafu 64 za shilingi moja. Za zamani zina sura ya rais, mpya zina twiga, lakini zote upande mmoja zina ngao ya taifa, kwa hiyo usisumbuke kuchagua. Sheria ni kwamba inayoonyesha ngao imebaki, isiyoonyesha ngao imebadilika na inaondolewa. Zitie zote kwenye kopo, zitikise vizuri, zimwage kwenye sinia iliyotandikwa kitambaa. Bila kitambaa zitaruka na kuviringika chini ya madawati, na mtoto atakayeokota ataigeuza bila kukusudia. Hesabu zilizobaki, andika, rudisha koponi hizo zilizobaki tu. Endelea hadi ziishe. Usitumie vizibo vya soda; umbo lake halilingani pande mbili, na nusu haitatoka kwa mrusho mmoja.

Mrusho wa kwanza hautatoa 32 kamili. Kati ya 28 na 36 ni kawaida, usikubali mtoto abadilishe hesabu ili ipendeze. Zikibaki 4 mambo huvurugika: zaweza kubaki zote, zaweza kutoka zote, kila moja ya hali hizo ina nafasi moja katika 16. Hapo simamisha mchezo uzungumze, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Sarafu iliyosalia baada ya mirusho mitano haijachoka. Nafasi yake ya kutoka kwenye mrusho wa sita ni nusu, sawa na ile ya kwanza. Kiini nacho hakizeeki. Hakuna anayeweza kukionyesha kidole kiini kimoja na kusema zamu yake ni kesho. Nusumaisha ni kanuni ya umati. Ukilisema hili mezani kwenye sinia, wataacha kudhani kwamba nusumaisha mbili zinamaliza kila kitu. Zinabakiza robo.

Gawa watoto vikundi vitatu, kila kimoja na sarafu zake, kisha jumlisha matokeo ya wote mrusho kwa mrusho. Mchoro utakuwa laini kuliko wa kikundi kimoja, na watajionea kwa nini wapimaji hupenda hesabu kubwa. Mkipata dadu za ludo za kutosha, rudieni kwa sheria nyingine: iliyoangukia 6 inatoka. Sasa nusu inafika karibu na mrusho wa 3.8, yaani kati ya wa tatu na wa nne. Isotopu (aina ya atomu) nyingine, nusumaisha nyingine.

Jambo moja halimo kwenye barua yako lakini litawaangusha wakilikuta: mnururisho wa mazingira. Chombo cha Geiger, kile cha kupimia mnururisho, hulia hata pasipo na chanzo mezani, kwa sababu ya mawe, udongo, miale ya kutoka angani, na sisi wenyewe. Potasiamu-40 iliyomo mwilini mwa mtu mzima wa kilo 70 hubadilisha viini zaidi ya 4,000 kila sekunde, na hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu ya kukaa karibu na jirani yake. Katika mtihani hesabu hiyo ya mazingira hutolewa kwanza, kabla ya kugawa kwa mbili. Mfano: mazingira yanatoa mapigo 20 kwa dakika. Chanzo kikiwekwa, chombo kinasoma 340. Baada ya dakika 12 kinasoma 60. Nusumaisha ni ngapi?

Anayekimbilia 340 na 60 hapati nusu zinazokamilika, atahangaika na kikokotoo hadi apate dakika 4.8. Aliyetoa 20 pande zote mbili ana 320 na 40. Mishale mitatu, dakika 12, nusumaisha dakika 4. Nusu zikigoma kukamilika kwenye swali lenye kipimo cha Geiger, warudi kusoma swali. Mara nyingi mazingira yametajwa kwenye sentensi ya kwanza waliyoiruka.

Nimalizie na Mrima. Ni kweli kilima kile cha Kwale kina thoriamu kuliko udongo wa kawaida, pamoja na niobiamu na madini mengine adimu, na mnururisho wa asili pale uko juu. Lakini hoja ya watoto imesimama kichwa chini. Nusumaisha ndefu maana yake viini vinabadilika polepole. Gramu 1 ya thoriamu-232, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 14, hubadilisha viini kama 4,000 kwa sekunde. Gramu 1 ya radiamu-226, yenye nusumaisha ya miaka 1,600, hubadilisha bilioni 37 kwa sekunde hiyo hiyo. Kinachowaka haraka ndicho kikali, na ndicho kinachoisha mapema.

Hiyo si kusema thoriamu ni unga wa ngano. Haikai peke yake. Ule mnyororo wa alfa 6 na beta 4 uliokusumbua upo ndani ya udongo ule, na mmoja wa wana wake ni gesi ya radoni. Alfa ikiwa nje ya mwili husimamishwa na karatasi, au na ngozi ya juu iliyokwisha kufa. Ikitokea ndani ya pafu hakuna karatasi wala ngozi. Kwa hiyo cha kuangaliwa kule ni vumbi linalovutwa na nyumba isiyopitisha hewa, si kupita njiani kwenda kumsalimu shangazi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye karatasi, swali la vizuizi hawalikosi: karatasi kwa alfa, alumini ya milimita chache kwa beta, risasi nene kwa gamma. Wengi huandika "risasi huzuia gamma yote", na mimi ningewakata alama. Gamma ya kobalti-60 ikipita kwenye milimita 12 hivi za risasi hupungua nusu tu. Ongeza 12 nyingine, imebaki robo. Waandike "hupunguza", halafu wachore mishale ile ile.